Fimbo ya kumi na tano

Tuligundua tukiwa kwenye tii (pa kupigia mkwaju wa kwanza) ya shimo la 3, katika mchujo wa gofu wa siku moja, mashimo 18. Kedi, mbeba fimbo wangu, aliingiza mkono mkobani kutoa chuma namba 6, akasita, akaanza kuhesabu kwa kugusa vichwa. Draiva, mbao namba 3 na haibridi: 3. Chuma kuanzia namba 4 hadi 9: 6. Ya kusukumia: 1. Weji, fimbo za kuinua mpira juu kwa umbali mfupi, zilipaswa kuwa 4. Zilikuwa 5.

"Bosi, ziko kumi na tano," akaninong'oneza.

Usiku mvua ilikuwa imeshindilia mchanga wa bunka, yale mabonde madogo ya mchanga uwanjani. Asubuhi, kwenye bunka ya mazoezi, weji yangu ya digrii 56 (mlalo wa uso wake) ilikuwa ikigonga mchanga na kuruka, ukingo wake ukaupiga mpira katikati na kuupeleka ng'ambo ya grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Tumbo la chini la weji ile lina pembe ya digrii 14, linalofaa mchanga laini. Nikajaribu nyingine ya digrii 54, tumbo digrii 8, ikakata mchanga vizuri. Nikaitia mkobani bila kuitoa ile ya 56, jina langu likaitwa tii ya kwanza, basi.

Kikomo ni fimbo 14. Adhabu ni mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza na fimbo ya ziada, isizidi 4 kwa raundi. Hata kama hukuigusa. Mchezaji wa Wales, Ian Woosnam, aligundua yake kwenye tii ya shimo la 2, siku ya mwisho ya mashindano makubwa ya The Open ya mwaka 2001, Royal Lytham & St Annes: mikwaju yake 2 ya shimo la kwanza ikawa 4. Mimi nilichelewa kwa shimo moja zaidi, na kuchelewa huko kuligharimu mikwaju 2 mingine.

Ukishajua, fimbo moja lazima itoke kabla hujapiga mkwaju unaofuata, na ionekane imetoka: unamwambia anayekuandikia kadi, au unaigeuza kichwa chini mkobani. Ukinyamaza ukapiga, unaondolewa mashindanoni. Kedi tayari alikuwa ameishika ile ya 54. Nikamzuia. Ukianza raundi na fimbo zilizozidi, unachagua mwenyewe ipi itoke, na mchanga ulikuwa bado mgumu. Nikamwonyesha mwenzangu ile ya 56, tukaigeuza. Mgeni akabaki, mwenyeji akatoka.

Shimo la 11 mpira wangu uliingia bunka ya kulia, bendera ikiwa karibu, hatua 9 hivi. Kwenye mchanga laini ningeufungua sana uso wa fimbo, uelekee juu zaidi. Hapa niliufungua kidogo tu, maana kufungua huliteremsha tumbo na kurudisha ule mruko wa asubuhi. Nikaingia mchanga vidole viwili nyuma ya mpira, bila kupunguza kasi. Ulitua laini, ukasimama hatua moja kutoka shimoni.

Baada ya raundi, mezani tulisomeana kadi, shimo kwa shimo, maana namba ya kila shimo ni jukumu la mchezaji. Kujumlisha ni kazi ya kamati.

"La kwanza?"

"Nne, na mbili za adhabu. Sita."

"La pili?"

"Saba."

Jumla ilikuwa 73. Nafasi ya mwisho ya kufuzu ilichukuliwa kwa 71.