Waliniambia kamera yangu ni marehemu, nikaipandisha Kilimanjaro

Tarehe 24 Juni 2020 simu yangu haikupumzika. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha wa Moshi na Arusha watu walikuwa wananipa pole kama nimefiwa. Olympus walikuwa wametangaza kwamba kitengo chao cha kamera kinakwenda kwa Japan Industrial Partners, kampuni ya uwekezaji, na kundi zima mwenye Olympus nilikuwa mimi peke yangu. "Meku, mazishi lini?" mmoja akauliza. Nikacheka, ila usiku usingizi uligoma.

Kamera yenyewe ni E-M10, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2014. Haifiki hata nusu kilo. Ni ya mfumo wa Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic waliutangaza pamoja mwaka 2008: sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ya milimita 17.3 kwa 13, kama robo ya eneo la zile sensa kubwa wanazotambia wenzangu, na hakuna kile kioo cha ndani kinachopiga "klap" kila ukibonyeza. Nilikuwa naipigia vipaimara, send-off, na watalii mlimani.

Kundini tuna mtu tunayemwita Profesa. Akanipigia. "Mdogo wangu, uza haraka kabla wanunuzi hawajasikia. Kimbilia kampuni kubwa. Kampuni kubwa haitupi mfumo wake." Nilikuwa najua kabisa kwamba Nikon walianzisha Nikon 1 mwaka 2011 na kufikia 2018 wameshaiacha. Najua na Samsung walivyoingia na NX mwaka 2010, leo ukiitafuta dukani utaulizwa kama ni simu. Lakini Profesa akishaongea, nani anabisha? Nikasema, "Sawa kaka," nikatangaza naiuza.

Wa kwanza aliuliza kama inaingia laini. Wa pili, mzee wa Kibosho, alinipa ofa ya laki moja na nusu pamoja na mikungu miwili ya ndizi mshare. Nilikataa kwa hasira, na mpaka leo mke wangu ananikumbusha ile mshare. Hakuna aliyeinunua. Hiyo ndiyo bahati yangu, wala si akili.

Mama watoto akachukua mkopo VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, nikanunua kamera kubwa ya kioo, mtumba, na lenzi yake ndefu. Milioni mbili na ushee, sikumbuki vizuri na sitaki kukumbuka. Mwaka uliofuata nikapata kazi ya kupanda na kikundi kwa njia ya Machame. Nikasema sasa watu wataona mpiga picha.

Siku ya kwanza kweli waliona. Mwili na lenzi vilikaribia kilo mbili na nusu, vinaning'inia kifuani, nikatembea kama waziri. Siku ya pili, tunafika kambi ya Shira, shingo imeshapinda. Pale kwenye ukuta wa Barranco, ambapo unahitaji mikono yote miwili kushika mwamba, lenzi ilikuwa inapiga mawe kama kengele ya ng'ombe: ngo, ngo, ngo. Mpagazi akanipita na mtungi wa gesi kichwani, akasimama kabisa kunitazama. "Kaka, hiyo ni kamera au unapeleka jenereta kileleni?" Wageni wakataka watafsiriwe. Wakatafsiriwa.

Tulipofika kambi ya Barafu, mita 4,673, niliingia hemani, nikaikunja ile jenereta ndani ya begi la kulalia, na saa sita usiku tulipoondoka niliiacha imelala. Marehemu wangu, niliyemweka kwenye begi kwa mazoea tu, akaingia ndani ya sweta. Betri tatu nilizitia kwenye soksi, soksi nikaifunga tumboni. Usidharau soksi: kule baridi inanyonya betri, na betri za kamera zisizo na kioo ni za kuisha haraka hata ukiwa Dar es Salaam. Tulipofika Stella Point, ukingoni mwa kreta, betri ya kwanza ilizima. Nikaiweka kwapani, nikatia ya pili, na tulipofika Uhuru, mita 5,895, ile iliyozima ilikuwa imefufuka ikanipa picha kama arobaini. Jua linatoka, Mawenzi ipo chini yetu, wageni wanalia. Picha zote walizolipia zilitoka kwa marehemu.

Jenereta niliiuza kwa hasara. VICOBA ililipwa, msiniulize vipi.

Baada ya hapo nikaamua kufanya kinyume cha Profesa: wakati watu wanakimbia, mimi nanunua. Lenzi ya milimita 45 f/1.8 niliipata kwa chini ya nusu ya bei kutoka kwa jamaa wa Arusha aliyekuwa anahama. E-M10 nyingine, imekufa shata, nikachukua kwa bei ya kuku wawili watatu ili iwe ghala la vipuri. Betri nilinunua nne. Hapa kuwa makini, za bandia zinavimba kama maandazi. Ukiona imeanza kubana kutoka, usiirudishe ndani.

Na marehemu? Januari 2021 kampuni mpya iliyorithi kamera za Olympus, OM Digital Solutions, ikaanza kazi, na mwaka 2022 wakatoa kamera ya OM-1. Panasonic, ambao mwaka 2018 walijiunga na Leica na Sigma kwenye L-Mount, mfumo mwingine wa lenzi, na kila mtu akasema wameshatutoroka, wakatoa kamera za mfumo wetu: GH6 mwaka 2022, G9 II mwaka 2023, GH7 mwaka 2024. Katikati ya hapo, 2023, ukawa mwisho wa EF-M, mfumo wa Canon wa kamera zisizo na kioo ulioanza 2012. Kampuni kubwa, Profesa! Mimi naona mfumo huu utabaki wa watu wa milima, wa ndege na wa video, na vikamera vya bei ya kwetu vitazidi kuwa adimu. Sina ugomvi na hilo, ninavyo viwili.

Ugomvi wangu ni kumbi. Ukumbi wenye taa za zambarau unaikamata sensa ndogo, picha inajaa chenga. Dawa ya kuzigeuza taa hizo kuwa pambo niliipata kwa baba mdogo, aliyekuwa na studio ya pasipoti hapa mjini enzi za filamu. Ndani ya sanduku lake kulikuwa na kamera ya filamu, Zenit, imeota kutu na lenzi yake, Helios ya milimita 58 f/2, safi. Kwa kuwa kamera yetu haina kioo, toka mdomoni, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa ni kama milimita 20, wakati lenzi za skrubu za M42, kama hiyo Helios, zinataka zaidi ya 45. Ile nafasi inazibwa na pete ya chuma tu.

Nikaagiza pete Kariakoo, "M42 kwenda 4/3". Ikaja na basi. Haiingii. Nageuza, nasukuma, nampelekea fundi, fundi anachukua tupa: "Tuisage kidogo pembeni." Kidogo nimruhusu! Bahati umeme ukakatika, na katika kusubiri nikasoma boksi vizuri. Four Thirds ni mfumo wa zamani, wa kamera zenye kioo, ulioanza 2003; wetu ni Micro, na mdomo wake ni mwembamba kwa milimita sita hivi. Herufi M moja ilinila kama elfu sabini.

Pete sahihi ilipokuja, niliweka urefu wa lenzi kwenye menyu ya kutuliza mtikisiko, nikawasha kinachong'arisha kingo za kilichomo kwenye fokasi, nikaenda send-off Himo. Picha ya bibi harusi anamlisha mama yake keki, taa za nyuma zimegeuka duara duara zinazozunguka, wameitundika sebuleni.

Nilimpelekea baba mdogo nakala. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba." Akaivua miwani, akaisogeza picha puani, akaitazama muda mrefu. "Hii ni lenzi yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na kodi yake umekuja nayo?"