Siku moja na mguu wa agari

Saa moja asubuhi nimeshaingia maabara, Gothenburg bado giza la Novemba. Nabandika sufuria: maji, sukari, chumvi na agari, ule unga wa mwani unaogandisha. Nikimimina kwenye kalibu ukapoa, nimepata nyama ya paja. Ndani yake umo mfupa wa bandia wenye bamba la titani na skrubu sita, kama alilowekewa mama yangu Tanga alipovunjika mguu.

Nikisema naupima mguu huu kwa mawimbi ya maikrowevu, watu huniuliza kama napasha viporo. Jiko la nyumbani hutoa wati 800 hivi. Mimi natuma miliwati 1. Mawimbi yanapita kwenye nyama, yanagonga chuma, yanarudi, nami nasoma yamerudi vipi. Chuma chenyewe hakinisumbui, kinaonekana tu. Kazi ni kuona utando mwembamba wa majimaji kando yake, maana skrubu ikilegea au usaha ukijikusanya, hapo ndipo panapolowa. Nataka siku moja daktari aweze kuchungulia kila wiki bila kumpiga mgonjwa eksirei kila mara.

Saa mbili hadi saa tano nasawazisha mashine, napima, naandika.

Saa sita namba zikaanza kuhama. Hakuna aliyegusa kitu. Nikakagua waya, maana ukiupinda kidogo tu vipimo vinaharibika. Mzima. Nikazima simu zote. Nikafungua antena, nikaifuta, nikaibana upya, nikasawazisha tena tangu mwanzo. Zinahama. Mgongo unawaka, chakula cha mchana kimepoa mezani. Karibu saa tisa nikapitisha kidole ukingoni mwa agari: pamekauka, pamenywea. Mgeni mmoja wa asubuhi alifunua plastiki apige picha, hakuifunika. Agari ikipoteza maji si nyama tena, na vipimo vya siku nzima havina maana. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka.

Nikarudi jikoni. Kukoroga, kungoja mapovu yatoke, kumimina polepole.

Sijui ilikuwa saa ngapi mama alipopiga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Chuma changu mtakipima lini?”

“Bado mama. Bado tuko kwenye miguu ya agari.”

“Basi ipimeni vizuri.”

Nikaufunika mguu mpya kwa plastiki, mikunjo miwili, nikabandika karatasi yenye herufi kubwa: USIFUNUE.