Nilivyoacha kukariri fomula za elektrokemia

Form six mimi nilikuwa mtu wa madesa, na Nernst, fomula ya kukokotoa volti za seli, nilikuwa naijua kwa sura tu: E ni sawa na E sifuri kutoa 0.0592 gawanya n mara log Q, basi (n ni idadi ya elektroni zinazohama, Q ni viwango vya mazao gawanya vya vianzio). Na kusema kweli kwa mtihani ilitosha, maswali yote yalikuwa nyuzi 25.

Kilichonibadilisha ni chuo, rumeti wangu alikuwa anasoma udaktari, siku moja namkuta anakokotoa volti za potasiamu kwenye seli za mwili anatumia 61, namuuliza hii 61 umeitoa wapi ananiambia hiyo ni fomula ya fiziolojia, we ya kwako ni ya kemia. Nikakaa chini na karatasi. Nikaanza na ΔG = ΔG° + RT ln Q, ile ya nishati huru ambayo tulishaisoma kwenye themodinamiki, kila penye ΔG nikaweka −nFE, nikagawanya kote kwa −nF, imeisha, mistari mitatu tu jamani! Halafu ile 0.0592 ni 2.303 (ya kugeuza ln kuwa log) mara R, 8.314, mara T, 298.15 yaani nyuzi 25 kwa kelvini, gawanya F, 96,485, sasa weka joto la mwili, kelvini 310, unapata 0.0615 yaani milivolti 61 na ushee. Fomula ni ileile, joto tu ndo limebadilika. Potasiamu ni milimoli 140 kwa lita ndani ya seli na 5 nje, unapata kama milivolti −89, rumeti akabaki anacheka.

Tangu hapo kabla ya kugusa swali naandika ile mistari mitatu pembeni, inanisaidia hasa kwenye alama ya kutoa na kujua nini kinakaa juu kwenye Q. Chukua seli ya zinki na kopa ya volti 1.10, ukishusha kopa iwe 0.01 M na zinki ukaiacha 1 M, Q inakuwa 100 na volti zinashuka hadi 1.04 hivi, ukipata zimepanda unajua umegeuza.

Ila sisemi kila kitu kiderivwe, hapana. Butler–Volmer, fomula ya mkondo unavyobadilika na volti kwenye elektrodi, niliiacha kwanza nikaitumia kama ilivyo, maana inataka uwe umeshaelewa kinetiki na nishati ya uamilishaji, ukiilazimisha mapema unaishia kukariri derivesheni yenyewe ambayo ni ndefu kuliko fomula, sasa hapo umepata nini? Niliirudia baada ya kuona mkondo unavyopanda maabara tukiongeza volti, ndo zile eksponensia mbili zikaniingia.