Kitanda Kilichoziba Mlango

Kosa langu la kwanza kama baba lilikuwa kitanda. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, nami nikaja nyumbani na kitanda cha mtoto cha mbao, kizuri kweli, kina kingo ndefu na droo mbili chini. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mlango. Tulipokiweka mahali pekee kilipoenea, mlango ukawa unafunguka nusu tu, na mke wangu na tumbo lake hapiti. Alisimama kizingitini, akakitazama kitanda, akanitazama na mimi. "Haya, baba mtarajiwa, anahama nani? Mimi au hicho?"

Kitanda kikahamia kwa rafiki yangu, naye mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Kwetu ni chumba kimoja, hatua tano kwa nne, na sehemu ya kupikia iko nyuma ya pazia. Kliniki muuguzi alitueleza kwamba mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto wala mablanketi mazito, na kwa miezi 6 ya mwanzo angalau alale chumba kimoja na wazazi lakini si kitanda kimoja. Nilitaka kucheka. Kulala chumba kimoja, sisi tungefanyaje vingine? Hilo la kitanda tofauti ndilo lililotusumbua. Mwishowe tukapata kitanda kidogo cha kukunja, chenye godoro gumu linalokienea sawasawa. Usiku kinakaa ubavuni mwa kitanda chetu, asubuhi kinakunjwa na kuegemezwa ukutani.

Halafu tukaanza kutoa vitu vyetu. Kulikuwa na kiti ambacho tangu tuoane hakijakaliwa na mtu, kazi yake kubeba nguo zisizo chafu wala safi. Kikatoka. Maboksi ya uvunguni yakatoka. Nguo za mtoto tulizopewa zilijaa mfuko mkubwa, tukabakisha za umri alionao tu, nyingine zikaenda kwa mama mkwe zikisubiri zamu yao. Nyingine zamu hiyo ilipofika zilikuwa tayari hazimwingii.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni unyevu. Mtoto mchanga akimaliza nepi kumi kwa siku si ajabu, na sisi tulitumia za kitambaa. Ikaja wiki ya mvua, nikafunga kamba toka dirishani hadi kwenye kabati, nikaanika humo humo. Siku ya nne chumba kilinuka kama kisima. Nilipovuta kabati nikakuta madoa meusi ya kuvu yamepanda ukutani, tena upande ule ule anaolala mtoto. Nilisugua jioni nzima, mama na mtoto wakiwa nje kwa jirani. Toka siku hiyo nepi zinafuliwa alfajiri na kuanikwa nje, kwenye kibaraza kama mvua inanyesha, kabati liko kiganja kizima mbali na ukuta, na dirisha na mlango vinaachwa wazi pamoja kila asubuhi ili hewa ipite.

Kelele ndizo zilizotuyumbisha zaidi. Wiki za mwanzo tuliishi kama wezi nyumbani kwetu wenyewe. Kijiko kikidondoka, tunaganda kama sanamu. Hata kugombana tuligombana kwa kunong'ona, na hiyo ni kazi ngumu kwelikweli: ukifika katikati umeshasahau ulikasirikia nini. Kumbe tulikuwa tunajifunga bure. Mtoto mchanga bado hajui usiku na mchana, huchukua wiki kadhaa mpaka mwili wake uanze kuvitofautisha. Tukaacha mchana uwe mchana: pazia wazi, sufuria zinagongana, tunaongea kawaida. Giza likiingia, taa inafifishwa, anayenyonyesha hazungumzi, nepi inabadilishwa bila michezo. Haikuwa dawa ya siku moja. Ila karibu na mwezi wa tatu alianza kulala vipande virefu, na mchana alisinzia huku mimi nakatakata vitunguu hatua mbili kutoka kwake.

Bado kulikuwa na jambo ambalo halitibiwi kwa kupanga vitu. Jioni moja mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia, "Sijakaa peke yangu hata dakika moja tangu nijifungue." Nikamwambia nitampisha. Nikageuka kutafuta pa kwenda, sikupaona. Mtoto alikuwa hachukui hata robo ya kitanda chake. Waliobanana tulikuwa sisi watu wazima wawili.

Basi tukagawana saa badala ya nafasi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, akishanyonya, namcheulisha, namfunga kifuani kwa mbeleko, uso ukiwa wazi nimwone anavyopumua, tunatoka. Tunazunguka mpaka saa moja. Mke wangu anabaki na chumba kizima, alale, aoge taratibu, au atazame dari tu. Jioni zamu ni yangu: wao wanatoka, mimi nabaki na ukimya kwa saa moja. Mwanzoni niliona aibu kuufurahia ukimya ule. Sasa nauwekea saa.

Mtoto ana miezi 10 na anasimama kwa kushikilia kitanda chetu. Sakafu ni yake: sabuni, dawa na visu vimepanda juu, soketi zimezibwa, na beseni la maji haliachwi chini hata kwa nukta moja.

Juzi rafiki yangu alipiga simu. Mtoto wao ameanza kuparamia kingo za kile kitanda, akauliza kama tunakitaka tena. Kabla sijajibu, mke wangu alikuwa ameshaninyang'anya simu.