Mkonga wa zamani kwa kazi ya posta Pemba: pesa ianzie wapi

Ukinunua mkonga, yaani Land Cruiser HZJ75 ya zamani, ibebe vifurushi vya posta, mafundi watakwambia kwanza uinyanyue na uivishe matairi makubwa ya tope. Pesa hiyo iweke. Mkoani, Chake, Wete mpaka Konde ni lami, na tairi la tope huteleza lami ikirowa. Kinachoiua gari ya posta huku ni chumvi, maji, na kusimama na kuondoka kutwa nzima.

Anza na chesisi, kwa nyundo ndogo. Gonga na usikilize: chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Gonga khasa juu ya ekseli ya nyuma na pale zinaposhika springi, maana tope hukaa hapo na unyevu wake. Palipooza pakatwe mpaka chuma kisafi, kisha pachomelewe bati la milimita 4. Bati likipachikwa juu ya kutu, kutu inaendelea kula kwa ndani usiione mpaka chesisi ipasuke. Kabla ya kuchomelea, fungua nyaya za betri na za altaneta, la sivyo altaneta inaweza kuungua. Usiipake chesisi oili chafu ya injini; inaharibu mipira ya bushi.

Halafu tazama nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiona uji wa kijivu unachuruzika kwenye lile tufe la chuma lililo mwisho wa ekseli, sili ya ndani imekwisha: oili ya difu imeingia, imeyeyusha grisi, na inatafuta njia ya kutokea. Wengi hufuta na kuendelea. Uji huo ukifika kwenye pedi, breki zinavuta upande mmoja, na jointi ya ndani inasagika kwa kukosa grisi. Fungua pande zote mbili, osha kwa dizeli, badilisha sili na beringi za juu na chini, paka grisi nyeusi ya moli (yenye molibdeni), rudisha. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayeijua, wala si ya kufanyiwa haraka.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi. Yamwagwe yote kila mwaka.

Springi usiongeze jani hata moja. Gari hii iliundwa kwa mzigo mzito. Vifurushi vingi vina ukubwa kuliko uzito, na springi ngumu inavirusha hovyo. Badilisha bushi tu, na boliti zake zikazwe gari ikiwa imesimama kwa uzito wake chini. Ukikaza ikiwa juu ya jeki, mpira unajipinda na kuchanika mapema.

Dereva anayezima injini kila kituo anaipiga stata mara 40 kwa siku. Ikianza kulia "tak" bila kuzungusha, mara nyingi ni shaba za ndani zimelika. Nunua shaba zake na kile kichwa kinachozigusa. Stata nzima haina haja. Mkanda wa taimingi wa injini yake, 1HZ, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kama historia yake huijui, badilisha leo, kwani ukikatika pistoni zinagonga valvu.

Sasa sanduku. Toa viti vya ubavuni, ziba matundu ya boliti zake. Sakafu iwe plaiwudi ya baharini ya milimita 12, iliyoinuliwa kwa mirunda ya sentimita 4, ili maji yakiingia yapite chini ya magunia. Wavu wa chuma uwekwe nyuma ya dereva. Kifurushi kikirushwa kwa breki ya ghafla kinaumiza. Kituo cha mwisho kipakiwe kwanza.

Mipira ya milango ya nyuma ijaribiwe usiku. Mtu mmoja akae ndani na taa kali, mwengine azunguke nje: kila mstari wa mwanga unaotoka ni njia ya mvua ya masika. Ukishaziba, pitisha mpira wa maji robo saa, kisha gusa plaiwudi kwenye pembe za chini, kwa kiganja.