Miaka minne Istanbul, bado naitwa msafiri

Lifti ya jengo letu ina mwezi mzima imekufa. Juzi karatasi ikabandikwa mlangoni: gharama za matengenezo, kila nyumba na sehemu yake. Namba saba, yaani mimi, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu utadhani ndiye niliyeiua. Nikaenda kumgongea msimamizi. Nikamuuliza, kwa Kituruki changu cha kuokoteza, kwa nini hakutafutwa fundi wa pili tulinganishe bei. Akanisikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwa upole kabisa: "Abi, sen misafirsin." Mlango ukafungwa.

Kaka, wewe ni msafiri. Ndivyo sikio langu la Kiswahili lilivyolipokea. Miaka minne sijachelewesha kodi hata siku moja, halafu niambiwe mpita njia! Nikapanda ngazi ghorofa nne nikifoka peke yangu.

Kesho yake nikaimwaga hasira kazini, Laleli, kwenye kargo tunakofunga marobota ya nguo za wafanyabiashara wa Kariakoo. Mpakistani ninayefunga naye akanielewa papo hapo: kwao pia musafir ni mtu aliye njiani. Lakini Mromania aliyefuata mzigo wake akacheka sana. Kwao "musafir" ni mgeni aliyefika nyumbani, yule unayemtolea vikombe vya kabatini. Waturuki wanalitumia hivyohivyo, na Waalbania wana "mysafir" wao, na Wagiriki wana lao, maana wote walilipata kwa Waturuki, waliotawala huko karne na karne. Asili ni moja, Kiarabu. Sisi Waswahili, pamoja na Wahindi na Wamalei, tulimwacha mtu wetu barabarani na mzigo kichwani. Mturuki akamwingiza ndani, akamkalisha.

Basi msimamizi hakunitukana. Aliniita mgeni. Nikajaribu kufurahi, nikashindwa. Mgeni haulizwi habari ya lifti, nakubali, ila mgeni gani anapelekewa bili?

Tena neno hili hapa lina historia yake. Wasyria walipoanza kuvuka mpaka mwaka 2011, serikali iliwaita misafir. Ilisikika kama heshima, na kwa wengi ilikuwa heshima kweli, watu walifungua nyumba zao. Lakini mgeni anakaa kwa hisani, na hisani huisha. Kanuni ya kuwapa ulinzi wa muda, yenye haki zilizoandikwa, ilitoka Oktoba 2014. Na Waturuki wenyewe wameshaonja dawa hiyo: mwaka 1961 Ujerumani ilitia saini nao mkataba wa kuchukua vibarua, ikawaita "wafanyakazi wageni". Wajukuu zao wako huko mpaka leo. Msimamizi wangu ana kaka Köln. Siku moja nitamuuliza kaka yake anaitwaje kule.

Madrasa tulifundishwa kwamba msafiri hupunguza sala, rakaa nne ziwe mbili. Ukinuia kukaa mahali siku nne, kwa madhehebu ya Shafii kama sisi, usafiri umekwisha, sali kamili. Wahanafi, ambao ndio wengi hapa, wanakupa hadi siku 15. Mimi nasali rakaa nne mwaka wa nne huu. Mungu ameshaniandika mkazi, msimamizi bado.

Na kwa kuwa mnaniandikia kila wiki "kaka, nije?", sikilizeni. Huku kibali cha ukazi kinaitwa ikamet, na bila hicho wewe si msafiri wala mgeni, ni mtu wa kukimbia kona. Mwaka 2022 walianza kufunga mitaa kwa wageni wapya kujiandikisha, wilaya za Fatih na Esenyurt zikiwa za kwanza, na ndiko madalali wanakopenda kuwapeleka. Usitoe depozito kabla hujajua kama anwani hiyo inakubalika. Pesa ikishaingia mfukoni mwa dalali, hairudi.

Nisiwavunje moyo sana. Kuna asubuhi nikifika gatini Kadıköy, upepo wa lodos umechafua bahari, ubaoni wameandika "seferler iptal", nami nacheka mwenyewe, kwa sababu sikuhitaji mkalimani. Safari zimevunjwa. Safari hiyohiyo yetu. Cha ajabu wanayo na "safari" nyingine, ya magari ya jeep na watalii huko Antalya, iliyotoka kwetu, Waingereza wakaibeba, ikazunguka dunia ikaja kukaa jirani na ndugu yake bila kujuana. Wenye Kiarabu chao wanasema mzizi wake ni kufunua: safari imeitwa safari kwa kuwa inafunua tabia za watu. Chakula cha njiani kiliitwa sufra, jina likahamia kwenye ngozi ya kukitandikia, na leo Mturuki akikukaribisha mezani anasema sofra.

Jana jioni mlango ukagongwa. Teyze wa ghorofa ya sita, mama mtu mzima, magoti mabovu, ameshuka ngazi zote hizo akijishika ukutani. Mkononi sefertası, vile vibakuli vya bati vinavyobebana, cha juu kikiwa na dolma, mboga zilizojazwa wali, cha chini dengu. Jina lake ni bakuli la safari, mnaona wenyewe. Alisikia nilivyofoka siku ile. "Oğlum," mwanangu, akaniambia, "sen bizim misafirimizsin." Wewe ni mgeni wetu. Neno lilelile la msimamizi, safari hii nikakosa la kusema, nikapokea kwa mikono miwili.

Bili nimeshalipa. Lifti bado haijasogea. Sefertası nimeiosha, na chombo cha jirani hakirudi kitupu, huku wala kwetu, kwa hiyo tangu alfajiri niko jikoni na maandazi. Yamejaza bakuli zote. Ngoja nipande, bado ya moto.