Matairi ya kazi ngumu kwa SUV yangu: kumbukumbu ya mradi

Matairi niliyo nayo yamebakiza kashata, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, ya milimita 3 hivi. Alama ya ukomo ndani ya mifereji iko kwenye milimita 1.6, kwa hiyo kwa gari la lami pekee yangeweza kusukuma kidogo. Tatizo haliko kwenye kashata. Mawili yana michubuko ya mawe ubavuni, na mmoja umeingia kiasi cha kuonyesha nyuzi. Tundu la msumari kwenye kashata linazibika na safari inaendelea, lakini ubavu ukichanika, tairi hilo ni la kutupa.

Ndiyo maana mradi huu ninauanzia ubavuni. Nimeona watu wengi wakichagua tairi la porini kwa sura ya kashata: kadiri linavyofanana na la trekta, ndivyo wanavyoamini ni gumu. Kashata inakuambia tairi litashika wapi. Kama litarudi nyumbani zima, hilo linaamuliwa na vitu ambavyo picha ya tangazo haionyeshi.

Gari lenyewe: SUV ya chasisi, fowili, dizeli. Njia zake ni mawe na changarawe, tope msimu wa mvua, na lami katikati ya hayo yote.

Kupima kabla ya kuchagua

Kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva kinasema 265/65R17 112S, upepo psi 29. 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. Hiyo 112 si mapambo. Ni namba ya mzigo, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Tairi lolote litakalochukua nafasi hiyo lisiwe chini ya 112. Hapo sina mjadala.

Nililipeleka gari kwenye mizani likiwa limejaa kama linavyosafiri kweli: watu, tangi la mafuta hadi juu, maji, vifaa, na vitu vya kwenye keria. Mbele kilo 1,240, nyuma kilo 1,580. Kwa hiyo tairi la nyuma linabeba takriban kilo 790. Kipimo hiki ndicho kilichonitoa kwenye ubishi wa "weka tairi la ply kumi, usijali". Gari langu si lori.

Hizo ply kumi zenyewe zina historia. Zamani tabaka za tairi zilikuwa za pamba, na ply 10 zilikuwa tabaka 10 kweli. Leo namba hiyo ni kipimo cha nguvu tu. Tairi lililoandikwa E, yaani la kiwango cha ply 10, ndani yake halina tabaka kumi. C ni ply 6, D ni ply 8. Ukitaka ukweli chukua tochi, piga magoti, utafute maandishi madogo karibu na rimu. Matairi yenye alama ya DOT, ya idara ya usafirishaji ya Marekani, huandikwa idadi ya tabaka na mali ghafi yake: kwenye kashata waya kiasi gani, poliesta kiasi gani, nailoni kiasi gani, na ubavuni poliesta ngapi. Kwenye matairi yangu ya sasa, ubavuni ni tabaka moja ya poliesta. Moja! Nilisoma mara ya pili nikidhani vumbi limefunika namba.

Hapo inaeleweka kwa nini mawe yanashinda. Tairi la radial (ile R kwenye saizi), ambalo Michelin walilisajili mwaka 1946, nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi mwingine, na mkanda wa waya uko chini ya kashata peke yake. Ubavu unaachwa laini ili upinde, na ulaini huo ndio unaoleta utulivu barabarani na kupunguza joto. Jiwe lenye ncha, nalo, halipiti kwenye waya. Linatafuta pale palipo laini.

Herufi mbili: LT

Kuna tairi la gari dogo lililovalishwa kashata za porini, na kuna tairi la LT, lililojengwa kwa magari ya mizigo mepesi. Kwa mbali huwezi kuyatofautisha. La LT lina herufi hizo mwanzoni mwa saizi, kashata nene zaidi, ubavu mzito zaidi, na namba mbili za mzigo, mfano 112/109. Ya kwanza ni kwa tairi moja kila upande, ya pili ni kwa matairi pacha kama ya malori. Mimi naangalia ya kwanza tu.

Mzozo mkubwa ulikuwa kati ya C na E. Katika saizi ya LT265/70R17, C ni 112/109 na E ni 121/118. E inabeba kilo 1,450, lakini ili ifike huko inataka psi 80. C inabeba kilo 1,120 kwa psi 50. Ukiweka E kwenye gari linalobeba kilo 790 nyuma, unanunua uwezo ambao hutautumia kamwe, na unaulipia kwa uzito. Tairi la E la saizi hii kwa kawaida hupita kilo 20, na uzito huo uko chini ya springi, mahali ambapo kila kilo inahisiwa. Kwenye barabara ya vumbi yenye vituta vya mfululizo gurudumu zito halirudi chini haraka. Linarukaruka, shokomzoba zinapata moto, na gari linapoteza mshiko kwenye kona.

Wanaotetea E wana hoja moja nzuri: ukivuta tela au ukiishi na mzigo mkubwa siku zote, chukua E, mwisho wa habari. Mimi sivuti tela. C ina 112 ileile ya kibandiko, na niliyoipata ina tabaka tatu za poliesta ubavuni. Herufi ya mzigo na idadi ya tabaka za ubavu ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wengi huyachanganya. Nimeona E yenye tabaka mbili ubavuni ikisifiwa kuwa ngumu kuliko C yenye tatu.

Saizi

Tamaa ilikuwa 285/70R17. Kila anayependa magari haya ana tamaa hiyo. Hesabu ikaizima.

Kipenyo cha 265/65R17 ni milimita 776. Cha 265/70R17 ni 803. Cha 285/70R17 ni 831. Gari linainuka kwa nusu tu ya tofauti, kwa hiyo 285 ingenipa milimita 27 chini ya difu, na 265/70 inanipa 13. Inasikika kama kidogo, lakini kwa difu iliyo ndani ya ekseli nzima, tairi ndilo linaloiinua. Kuinua springi kunainua bodi na chasisi, difu inabaki palepale.

Nilikata kipande cha kadibodi kwa upana na kimo cha tairi la 285, nikakizungusha ndani ya madigadi huku usukani umekatwa hadi mwisho, kushoto kisha kulia. Kiligusa plastiki ya ndani kwa mbele, na nyuma kikakaa juu ya chuma pale bodi inapokalia chasisi. Plastiki ningeisogeza. Chuma kile kinakatwa na kuchomelewa upya, na mimi sikati gari kwa ajili ya milimita 14 za ziada. Kadibodi ya 265/70 ilipita, ikibakiza nafasi ya kidole kwenye chuma. Kisha nikajaribu mahali pa tairi la akiba chini ya gari, sehemu ambayo watu huisahau hadi siku ya pancha: 265/70 inaingia, 285 haiingii.

Kwa ongezeko la asilimia 3.4, geji ya mwendo ikisema 100 gari linakimbia karibu 103. Kiasi hicho nakikubali.

Nililifikiria pia tairi jembamba, aina ya 235/85R16, lenye kimo karibu sawa na 265/75R16 lakini linalokata tope hadi kufika ardhi ngumu. Ningelazimika kubadili rimu zote. Nimeliacha.

Kashata

Hapa sikukaa muda mrefu. Tairi la tope lina vibonge vikubwa na mifereji mipana inayojisafisha, na kwenye tope zito hakuna mbadala wake. Kwenye lami yenye maji, mpira unaogusa barabara ni mchache, breki zinachukua umbali mrefu zaidi, na linalia. Mimi nakaa kwenye lami muda mwingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa hiyo ni la njia zote, AT.

Ndani ya kundi la AT nilitafuta vitu viwili. Cha kwanza ni vijinundu vidogo chini ya mifereji, vinavyosukuma kokoto nje kabla hazijachimba hadi kwenye waya. Cha pili ni kashata zinazoshuka kutoka begani hadi ubavuni, zenye unene wa kushikika kwa kidole. Nyingine ni michoro tu ya kupendeza macho. Jipya lina kina cha karibu milimita 12, na hiyo inatosha.

Kufunga

Nimenunua matano, si manne. Kwenye fowili, kipenyo cha matairi kikitofautiana, difu ya kati au giaboksi ya fowili inapindana na nafsi yake kila mzunguko. Tairi la akiba la saizi ya zamani lingekuwa la kunifikisha kwa fundi tu.

Kabla fundi hajagusa chochote nilisoma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye kila tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yote matano ni ya mwaka mmoja, wiki zinazokaribiana. Doa la njano, ambalo linaonyesha upande mwepesi wa tairi, likaelekezwa kwenye valvu ili balansi isihitaji vipande vingi vya risasi. Valvu zenyewe nimeweka za chuma. Za mpira za kawaida zina ukomo wa psi 65, ambao sitaufikia, lakini za chuma hazipindwi na vijiti na mawe kirahisi.

Maandishi meupe yamegeuzwa ndani. Fundi alinitazama kama mtu aliyenunua suti akaivaa kinyume.

Nati zimekazwa kwa spana ya kipimo, na baada ya kilomita 100 nikazirudia. Mbili zilikubali kukaza kidogo.

Upepo

Nani aliyesema psi 29 ya mlangoni ingali halali? Ilipangwa kwa tairi laini la mwanzo. Tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule, na ukiliacha kwenye 29 linapinda kupita kiasi, linapata moto ndani na kujiua polepole huku kwa nje linaonekana zima. Njia yake ni kutafuta kwenye jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji kiwango ambacho tairi jipya linabeba angalau kile ambacho la zamani lilibeba kwa upepo wa kibandiko. Nimeishia psi 40 mbele na 42 nyuma gari likiwa limejaa.

Kisha nikalijaribu kwa joto. Unapima asubuhi tairi likiwa baridi, unaendesha saa moja, unapima tena papo hapo. Wazoefu wa njia mbaya wanasema kwa LT upepo usipande zaidi ya psi 6 hivi. Ukipanda zaidi, ulianza na kidogo mno. Ya nyuma yalitoka 42 hadi 47. Yanabaki hapo.

Kwenye changarawe nashuka hadi 30, kwenye mchanga 18 na mwendo wa kutambaa. Kwenye mawe makali sishuki sana. Kuna shule inayosema upepo mdogo unalifanya tairi likumbatie jiwe badala ya kulipiga, na ni kweli kwa kashata, lakini ubavu nao unatoka nje na kujitoa sadaka. Nimechagua 28 na gia ya kwanza ya fowili nzito.

Hali ilivyo sasa

Mlio upo, kati ya mwendo wa 60 na 80, kisha upepo wa kioo unaufunika. Usukani umekuwa mzito kidogo gari likiwa limesimama. Kwenye vituta vya mfululizo gari limetulia kuliko nilivyotarajia kwa tairi la LT, na hilo naliandika upande wa C.

Mafuta yameongezeka, ingawa si kwa kiasi ambacho geji inadai. Odomita sasa inahesabu pungufu: ikisema kilomita 500, gari limekwenda 517. Kabla ya kulalamika, zidisha kwa 1.034. Baada ya kuzidisha, ongezeko lililobaki ni la uzito na kashata, nami nililitegemea.

Nilipita kwenye njia ya mawe iliyoharibu yale ya zamani. Baadaye nililala chini na tochi kukagua mabega na mbavu. Kuna mikwaruzo na kipande cha kashata ya begani, ukubwa wa ukucha, kimemeguka kulia nyuma. Nyuzi hazijaonekana popote.

Zamu ya kubadilishana nafasi nimeipanga kwenye kilomita 8,000, yote matano yakiingia kwenye mzunguko: la akiba linakwenda nyuma kulia, na lililotoka huko linapanda mbele. Kina cha kashata nitakipima sehemu tatu kwa kila tairi, katikati na mabega yote mawili. Katikati ikiwa imeisha zaidi, napunguza upepo. Mabega yakiwa yameisha zaidi, naongeza. Upande mmoja peke yake ukiisha, gari linakwenda kwenye alaimenti. Kabla ya hapo nahitaji kompresa yenye nguvu zaidi, maana hii niliyo nayo ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa kulitoa tairi moja 18 hadi 40.